Nyumba kuukuu ya matofali: Kwa nini isibomolewe kabla ya kusomwa

WATU wengi wanaposikia neno turathi, fikira zao huelekea moja kwa moja kwenye ngome zilizojengwa kandokando ya bahari, misikiti ya kale au magofu yaliyomezwa na msitu. Ni nadra mno kumpata mtu atakayeitaja nyumba ya matofali mekundu, isiyo na ghorofa, iliyojengwa viungani mwa jiji mwanzoni mwa karne ya 20 ili karani au mwenye duka apate mahali pa kulala na kuwalelea wanawe.

Hata hivyo, nyumba za aina hiyo ndizo aghalabu huzua mabishano makali katika miji mingi duniani. Ngome ya kale haina wengi wanaotaka kuibomoa. Nyumba kuukuu iliyo kwenye ploti pana, karibu na barabara kuu na kituo cha treni, ina wengi wanaoimezea mate: mwekezaji anayetaka kujenga fleti, serikali inayotaka kupitisha barabara, hata mwenyewe anayetaka jiko jipya na vyumba vya ziada. Kwa hivyo, kuuliza iwapo nyumba hiyo ina thamani ya kihistoria si mchezo wa wasomi. Jibu lake ndilo linaloamua kama nyumba itakuwapo mwaka ujao.

Mfano mmoja unaolifafanua vyema suala hili ni kitongoji cha Haberfield, kilicho zaidi ya kilomita sita magharibi mwa kitovu cha jiji la Sydney, nchini Australia. Humo hamna kasri wala hekalu. Kuna mitaa mipana yenye miti, na kando yake nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, kila moja na bustani yake. Licha ya ukawaida huo, kitongoji karibu kizima kinalindwa na sheria. Je, thamani yake iko wapi?

Tauni na ndoto ya bustani

Ili kulijibu swali hilo, sharti turejee mwaka 1900. Mnamo Januari mwaka huo, ugonjwa wa tauni ulizuka mjini Sydney, ukienezwa na viroboto wa panya waliofika bandarini kwa meli. Kufikia Agosti, watu 303 walikuwa wameambukizwa na 103 kati yao walikuwa wamefariki. Lawama zilielekezwa kwa mitaa iliyosongamana karibu na bandari, yenye vichochoro vyembamba na mitaro michafu. Serikali iliyatwaa maeneo hayo na kubomoa nyumba nyingi.

Wimbi hilo hilo la tauni, lililoanzia Asia na kusafiri kwa meli, lilibisha hodi Nairobi mwaka 1902, ambapo soko la Wahindi liliteketezwa kwa amri ya wakuu wa afya. Katika miji yote miwili, hofu ya maradhi ndiyo iliyoshika kalamu wakati ramani za makazi mapya zilipochorwa.

Hofu hiyo ilikutana na wazo lililokuwa likivuma wakati huo. Mnamo 1898, Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha kitabu kilichopendekeza miji ya bustani, ambamo mfanyakazi angeishi penye hewa safi bila kuwa mbali na kazi. Mwaka 1901, dalali wa ardhi kwa jina Richard Stanton alinunua ekari 50 za shamba la Dobroyd na kuanza kuuza si ploti tu, bali namna mpya ya kuishi. Hii ilikuwa miaka miwili kabla ya Letchworth, mji wa kwanza wa bustani nchini Uingereza, kuanzishwa mwaka 1903.

Masharti ya Stanton yalikuwa makali. Kila ploti ingekuwa na nyumba moja pekee. Kuta zilipaswa kuwa za matofali au mawe, na paa la vigae au mabamba ya mawe. Mabomba ya maji na ya maji taka yaliwekwa kabla ya wanunuzi kuhamia, na miti ikapandwa kando ya barabara. Hakukuwa na vichochoro vya nyuma wala baa. Kitongoji kilitangazwa kuwa kisicho na mabanda, vichochoro wala vilabu vya pombe.

Kwa hivyo, mtu anapoitazama nyumba moja ya Haberfield leo, haoni makazi ya familia tu. Anaona jibu ambalo jamii nzima ilitoa kwa janga la afya, likiwa limeandikwa kwa matofali.

Jinsi ya kuisoma nyumba

Mwaka ambao Stanton alinunua shamba lake ndio mwaka ambao Australia ilizaliwa kama taifa. Mnamo Januari 1, 1901, makoloni sita ya Uingereza yaliungana kuwa shirikisho. Ndiyo maana nyumba za kipindi hicho huitwa za mtindo wa Shirikisho, jina ambalo msomi wa historia ya sanaa Bernard Smith alilipendekeza mwaka 1969, miongo kadhaa baada ya mtindo wenyewe kupitwa na wakati.

Fahari ya taifa changa inaonekana katika mambo madogo madogo. Vioo vya rangi vilivyounganishwa kwa risasi kwenye madirisha ya mbele havina waridi za Kiingereza pekee. Aghalabu vina maua na ndege wa Australia. Dari za vyumba vya wageni zilipambwa kwa mabati yaliyofinywa nakshi. Veranda, ambayo haikuwa na umuhimu mkubwa katika baridi ya London, hapa ilipewa nafasi ya heshima, kwa kuwa jua la Sydney halina huruma.

Paa nalo lina hadithi ya safari. Vigae vyekundu vinavyoshikana vilianza kuingizwa kutoka Marseille, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipovuruga safari za meli, Waaustralia walilazimika kuvitengeneza wenyewe. Vigae hivyo ni ndugu wa vigae vya Mangalore, ambavyo wamishenari wa Basel walianza kuvitengeneza nchini India mwaka 1865 na ambavyo vingali vinaonekana juu ya majengo ya zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Kigae kimoja, basi, chaweza kumwonyesha mtafiti njia za biashara, vita na ufundi uliohama kutoka bara moja hadi jingine.

Matofali yenyewe husema mengi pia. Mengi yalitengenezwa kwa mwamba laini wa udongo unaopatikana chini ya ardhi ya Sydney, yakachomwa katika tanuri za jiji hilo hilo. Ukuta wa mbele hujengwa kwa matofali bora, yenye rangi moja na kingo zilizonyooka. Ukizunguka upande wa nyuma, utayakuta matofali ya bei nafuu, yenye rangi mchanganyiko. Mwenye nyumba alitumia fedha zake pale ambapo mpita njia angeziona. Hiyo nayo ni historia ya jamii: inatueleza kuhusu tabaka la watu waliokuwa wakipanda ngazi na waliotaka kila mtu ajue.

Ukuta unaopumua

Wataalamu wa majengo huipima nyumba ya aina hii pia kwa ufundi wake, na hapa ndipo wamiliki wengi hukosea bila kujua.

Mafundi wa wakati huo waliunganisha matofali kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, si saruji ngumu ya leo. Chokaa ni laini. Nyumba inapotikisika au udongo wa msingi unapovimba na kunywea, ukuta hujinyoosha kidogo bila kupasuka. Zaidi ya hayo, maji yanayoingia ukutani hupata njia ya kutoka kupitia kwenye viungo vya chokaa na kukauka kwa hewa. Kiungo kikichakaa baada ya miongo kadhaa, hukwanguliwa na kujazwa upya. Tofali hubaki zima.

Kwenye ukuta wa mbele, waashi hodari walifanya kazi nyingine ya ustadi mkubwa. Waliziba viungo kwa mchanganyiko uliotiwa rangi inayofanana na ya tofali, kisha wakachora juu yake mstari mwembamba wa chokaa nyeupe, ulionyooka kama uzi. Kwa mbali, ukuta unaonekana kana kwamba kila tofali lilikatwa kwa kipimo kimoja kamili. Mafundi wanaoijua kazi hiyo sasa ni wachache, na kila ukuta wa asili uliosalia ni somo kwa anayetaka kujifunza.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya chokaa, methali hiyo inahitaji tahadhari moja: ufa ukizibwa kwa kitu kisichofaa, ukuta huharibika vile vile. Mwenye nyumba akijaza viungo kwa saruji, unyevu hukosa njia ya kutokea na kulazimika kupita ndani ya tofali lenyewe. Hubeba chumvi, nayo chumvi inapoganda huumega uso wa tofali hadi likawa unga. Rangi ya kisasa isiyopitisha hewa huleta madhara kama hayo. Kuusafisha ukuta kwa mchanga unaorushwa kwa mashine ni hatari zaidi, kwa maana huondoa ngozi ngumu ambayo tofali lilipata lilipochomwa. Ngozi hiyo ikishatoka, hairudi.

Ndiyo maana wahifadhi husisitiza kwamba nyumba haibomolewi kwa tingatinga pekee. Yaweza kubomolewa polepole na mtu anayeipenda, akiwa na ndoo ya saruji mkononi.

Vigezo vya thamani

Sasa turudi kwa swali la msingi. Nani huamua kwamba nyumba ni turathi, na kwa kutumia mizani ipi?

Katika jimbo la New South Wales, ambalo Sydney ni makao yake makuu, sheria ya turathi ilipitishwa mwaka 1977. Haikuletwa na mapenzi ya wanasiasa. Kuanzia mwaka 1971, chama cha vibarua wa ujenzi kilichoongozwa na Jack Mundey kilikataa kufanya kazi katika miradi iliyotishia misitu na majengo ya kale. Migomo hiyo, iliyofikia zaidi ya 40, iliiokoa mitaa ambayo wawekezaji walikuwa wamekwisha kuiandalia michoro. Vibarua waliohitaji ujira waliweka chini sururu zao ili majengo yasivunjwe, na wakuu wakalazimika kutunga sheria. Miaka miwili baadaye, mnamo 1979, wataalamu wa uhifadhi walikutana katika mji mdogo wa Burra, Australia Kusini, na kupitisha mwongozo unaotumiwa kote nchini humo hadi leo.

Wapimaji wa jimbo hilo hutumia vigezo saba. Wao huuliza: Je, mahali hapa panaonyesha hatua muhimu ya historia? Pana uhusiano na mtu au kundi mashuhuri? Pana uzuri au ufundi wa kipekee? Pana umuhimu kwa jamii fulani ya sasa? Paweza kutufunza jambo ambalo hatuwezi kulipata kwingineko? Ni adimu? Na mwisho, je, ni kielelezo kizuri cha aina yake?

Nyumba ya kawaida ya Haberfield itashindwa katika baadhi ya maswali hayo. Huenda hakuna kiongozi aliyezaliwa humo, na si adimu, kwa kuwa jirani zake wanafanana nayo. Nguvu yake imo katika kigezo cha mwisho: ni kielelezo. Na kielelezo huhitaji wenzake. Nyumba moja ya mwaka 1905 iliyosalia katikati ya fleti ni kumbukumbu tu. Nyumba mia kadhaa zilizosalia pamoja, na bustani zake, nyua zake na miti yake, ni ushahidi kamili wa jinsi mpango mzima ulivyofanya kazi.

Kwa sababu hiyo, mnamo 1985 baraza la mji lililosimamia eneo hilo lilikitangaza kitongoji chenyewe kuwa eneo la hifadhi, badala ya kuchagua nyumba moja moja. Chini ya mpango huo, mwenye nyumba anaweza kuongeza vyumba upande wa nyuma au ndani ya paa, lakini sura ya mbele hubaki ilivyokuwa na nyumba haigeuzwi kuwa ya ghorofa. Hazuiwi kuuza, kupangisha wala kuweka jiko la kisasa.

Historia yenye doa

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuizungumzia thamani ya nyumba hizi kana kwamba kila kilichomo ni cha kusifiwa.

Ardhi ya Haberfield ilikuwa ya Wawangal, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao hawakulipwa chochote ilipogawanywa kwa walowezi. Mmoja wa wamiliki wa awali wa shamba la Dobroyd, Simeon Lord, aliletwa Australia kama mfungwa kabla ya kutajirika kwa biashara. Na katika mwaka ule ule wa 1901, bunge jipya la shirikisho lilipitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji wasio Wazungu, kwa kuwatahini imla katika lugha yoyote ya Ulaya ambayo afisa wa uhamiaji angeichagua. Nyumba zilizopambwa kwa maua ya taifa jipya zilijengwa katika nchi iliyokuwa imewafungia wengine mlango.

Mkenya hahitaji maelezo marefu kulielewa jambo hilo. Mjini Nairobi, ripoti ya mtaalamu wa afya, Profesa William Simpson, ya mwaka 1913 ilipendekeza makazi yatenganishwe kwa misingi ya rangi, na sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya usafi na maradhi. Viunga vyenye bustani vilikuwa vya wachache.

Je, doa hilo linaiondolea nyumba thamani? Kinyume chake. Hati inayothibitisha dhuluma haichomwi kwa kuwa yaliyomo yanachukiza. Huhifadhiwa, na maelezo yake huandikwa kikamilifu. Nyumba ikibomolewa, huondoka pia ushahidi wa nani aliruhusiwa kuishi wapi.

Aidha, historia ya Haberfield haikukoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waitaliano wengi walihamia huko, wakafungua maduka ya mikate na vyakula, na kukipa kitongoji sifa ambayo kinayo hadi leo. Hapa pana mjadala ambao wahifadhi hawajaumaliza. Mhamiaji aliyebadilisha madirisha ya mbao akaweka ya alumini, au aliyejenga nguzo za saruji mbele ya veranda, je, aliharibu turathi au aliongeza ukurasa? Mwongozo wa Burra unaelekeza kwamba michango ya vipindi vyote iheshimiwe. Kutekeleza hilo kwenye nyumba moja, mbele ya ombi moja la ukarabati, ni kazi ngumu zaidi.

Barabara na uhaba wa makazi

Ulinzi wa sheria nao una mipaka. Ujenzi wa barabara kuu ya chini ya ardhi ya WestConnex ulipofika Haberfield, makumi ya nyumba yalibomolewa licha ya kitongoji kuwa eneo la hifadhi. Mradi wa serikali ya jimbo ulikuwa na uzito kuliko mpango wa baraza la mji. Sehemu hiyo ya barabara ilifunguliwa mwaka 2019.

Kuna pia hoja ambayo wapenzi wa majengo ya kale hawapaswi kuipuuza. Sydney ni miongoni mwa miji yenye nyumba za bei ghali mno duniani. Vijana wengi wanaofanya kazi humo hawana matumaini ya kumiliki hata chumba. Mwaka 2024, serikali ya jimbo ilianza kubadilisha kanuni za mipango ili kuruhusu makazi ya ghorofa karibu na vituo vya treni, na mvutano na maeneo ya hifadhi ukazidi. Wapinzani wa hifadhi husema kwamba vitongoji kama Haberfield huwalinda waliokwisha kuwa na nyumba dhidi ya wasio nazo, na kwamba neno turathi limekuwa pazia la kuficha ubinafsi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Si kila nyumba kuukuu inastahili kubaki, na uzee pekee si sifa. Lakini jibu la uhaba wa makazi haliwezi kuwa kubomoa bila kupima. Nyumba iliyosimama tayari imekwisha kula kuni au makaa ya kuchomea matofali, mbao na jasho la mafundi. Kuibomoa ni kuvitupa vyote na kuanza upya kwa gharama nyingine. Na ikiwa jiji lina maelfu ya ploti zisizo na chochote cha kuhifadhiwa, si busara kuanza kubomoa pale penye ushahidi usiopatikana kwingine.

Mizani ya Burra ina faida hii kuu: humlazimisha kila upande kueleza kwa maandishi nini hasa kilicho na thamani, kabla ya kuamua nini cha kufanya. Wakati mwingine maelezo hayo huonyesha kwamba uso wa nyumba ndio wenye thamani na upande wa nyuma waweza kujengwa upya. Wakati mwingine huonyesha kwamba hakuna cha kuokoa, nayo nyumba hupigwa picha, hupimwa, kisha huondolewa. Uamuzi wowote ukifikiwa, hufikiwa kwa macho wazi.

Nchini Kenya, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa mnara wa kihistoria kupitia gazeti rasmi la serikali. Uwezo huo umetumiwa zaidi kwa majengo mashuhuri. Wakati huo huo, katika viunga vya Nairobi kama vile Kilimani na Kileleshwa, nyumba nyingi za zamani zenye paa la vigae zimetoweka tangu miaka ya 2000 na nafasi yake kuchukuliwa na majumba ya ghorofa. Baadhi hazikuwa na lolote la kipekee. Nyingine huenda zilikuwa vielelezo bora vya jinsi jiji la kikoloni lilivyopangwa, nani alilijenga na nani alizuiwa kuishi ndani yake.

Jambo la kufanya si kuzigandisha zote zilizosalia. Ni kuzihesabu, kuzipima na kuziandikia maelezo, mtaa kwa mtaa, kabla ya tingatinga kufika langoni. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kuuliza maswali yale saba, na ofisi itakayosubiri majibu yake kabla ya kutoa kibali.